Kijino

Fundi Masanyiwa alikuwa ameichomoa giaboksi ya gari la watu.
Akaniita nichungulie ndani, Nyakato, saa nne asubuhi,
mikono yake imelowa oili hadi kwenye viwiko.
"Wewe ukiweka P ukashuka zako," akasema,
"unadhani gari limeshikwa na nini?"

Nikasema, na P.

Akacheka. Akanionyesha kipande cha chuma,
hakizidi kidole changu cha mwisho,
kinavyoingia kwenye pengo la gia kama kikomeo cha choo.
"Hiki. Vitz yako nzima,
na mchele unaompelekea dada yako,
na mlima wote wa Bugarika. Hiki peke yake."

Mimi nilikuwa nimekwenda kulalamikia mlio.
Kila asubuhi pale kwa dada, nikitoa P niende R,
ko!
gari linaruka kama mtu aliyeitwa usingizini
na kuku wa jirani wanatawanyika.

"Ni kijino kinajinasua," alisema.
"Umekilaza na mzigo usiku kucha.
Kanyaga breki. Weka N. Vuta handbreki.
Halafu achia mguu, taratibu,
gari lijongee kidogo, lijikalie lenyewe kwenye breki za nyuma.
Ndipo P. P iwe mlinzi, usiifanye mpagazi."

Hakunitoza hela. Alitaka soda ya baridi,
na aliinywa akiwa bado anakitazama kile chuma.

Bugarika, nyumba zimepanda juu ya mawe,
mawe yamepanda juu ya mawe mengine,
na hakuna aliyewahi kuyavutia handbreki.
Ukisimama kwa Nkwimba unaliona ziwa lote
na kila paa ambalo gari lako lingelipitia
kabla ya kulifikia.

Nikakanyaga. N. Nikavuta, krrr, meno sita.
Nikaachia mguu. Gari likarudi nyuma nusu shubiri,
likashusha pumzi, likatulia.
P.

Nkwimba alikuwa kwenye kigoda anachambua dagaa.
Aliponiona akainuka kunipokea,
na goti lake likasema
ko.

Nilibaki nimesimama na mfuko wa mchele.

Ada yangu, kidato cha kwanza hadi cha sita.
Mabati ya nyumba ya mama.
Dhamana ya Mabula, mara mbili, na ile ya pili hakuwa hata na kosa.
Jeneza la baba na lori la kulifikisha Ngudu.
Beseni kichwani, Mwaloni, alfajiri, miaka ishirini na kitu,
na mvua.
Sisi wengine tulikuwa watano.
Tuliweka P, tukashuka zetu, tukafunga milango.

"Mbona umeganda?" akauliza. "Ingia, chai ipo."

Kabla ya kulala alitoka na kurunzi.
Nikamkuta ameinama nyuma ya gari,
analisukuma kwa mguu lile jiwe lake la siku zote
likae vizuri chini ya tairi.
"Nimevuta handbreki, dada."
"Najua," akasema.
Akalisukuma tena.

Asubuhi nikaliondoa jiwe, nikawasha.
Nikatoa P.
Kimya. Kuku hawakujua hata kama kuna mtu anaondoka.
Nikaanza kufurahi, peke yangu, kama mjinga,
mguu kwenye breki, kioo wazi,
na kutoka dirisha la jikoni, mahali kigoda kilipo,
nikaisikia:
ko.

Nikarudisha N. Nikavuta handbreki.
Nikaachia mguu, gari likajikalia.
Nikazima.
Nikaingia ndani, nikalichukua lile beseni,
akaling'ang'ania kidogo,
kisha akaachia.