Kwa Eladio, Aliyeuliza Aje Lini

Unauliza uje lini.
Umeandika kutoka Tromsø, kwa wino wa kijani,
kana kwamba Cádiz ni duka
lenye saa za kufungua.

Wageni huwa nawajibu upesi.
Jua tunalo, nawaambia, wala hatulipimi kwa kibaba.
Njooni Mei, au Septemba ikielekea ukingoni,
maji yangali vuguvugu na bei zimeteremka ngazi.
Wanashukuru. Wanaondoka na taulo zangu.

Wewe tumechangia ziwa. Sikiliza.

Usije Agosti. Agosti mimi sina kwangu.
Chumbani amelala bwana wa Lyon na mkewe;
mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe,
lakini huyu kalipia wiki mbili, na jembe hatuna.
Mimi na Mama tuko jikoni, godoro chini ya meza,
nyayo zetu zimegusa jokofu
linalokoroma kumshinda marehemu Baba.
Fedha ya Agosti ndiyo dawa ya Januari.
Na pale La Caleta mchanga huuoni:
miavuli tu, na migongo myekundu
kama kamba waliotoka chunguni.

Usije siku za levante.
Hakuna kalenda iujuayo upepo ule.
Unatoka mashariki, mkavu, umenuna,
unakaa siku tatu, au saba, au hadi uchoke wewe.
Shuka zinahama paa.
Angustias wa ghorofa ya pili anagombana na picha ya mumewe.
Mama anauliza nani kaacha mlango wazi.
Mlango umefungwa. Nimeufunga mara mbili.

Februari ungecheka, hilo nakubali.
Kwenye kanivali Celedonio, yule fundi bomba,
alivaa kama bili ya umeme
akaimba madeni ya mtaa mzima, jina kwa jina,
mpaka mvua ikamshukia na tarakimu zikamchuruzika shingoni.
Langu lilikuwa limefika kwenye kola.

Mwezi uliopita ningekwambia Novemba.
Novemba mji unaturudia.
Muuza ngisi anakuuliza hali ya goti lako,
na jua la saa nane linaingia ndani taratibu,
linakaa kwenye kiti cha Mama
kama mtu aliyekuja kuposa.

Ningesema hivyo, nikabandika stempu, nikalala.

Ila Jumanne Mama aliniita Eladio.
Nikaitika.
Akauliza kama huko kwenye barafu viazi vinaota.
Vinaota, nikasema, ila vitamu kidogo.
Alicheka, akanipiga kofi la mkono:
muongo wewe, tangu utotoni.
Jumatano akaamka mzima, akanikumbusha
bei ya dagaa mwaka ulipozaliwa,
na deni la peseta sita kwa mchinjaji.

Asubuhi bado ni yake, ndugu yangu.
Kuanzia saa tatu hadi saa tano,
kahawa ikiwa haijapoa.
Baada ya hapo anaanza kutafuta viatu
vya kwendea shule.

Kwa hiyo usiniulize mwezi.
Njoo saa tatu.
Mwezi wowote ulio karibu, hata huo Agosti;
tutalala watatu chini ya meza,
wewe upande wa jokofu.

Koti acha huko.
Leta viazi, viwili vinatosha.
Nilishaapa kwamba ni vitamu.