Mimi Ni Sikio

Jumamosi, saa tatu asubuhi, Winnipeg,
hasi thelathini na moja, baridi ya kupasua midomo.
Natoka zamu ya usiku, mikono inanuka sabuni ya makao ya wazee,
nashuka ngazi za kanisa hadi chini ya ardhi
ambako mabomba ya joto yanakoroma
na viatu vyetu vimepangwa mlangoni kama msikitini.

Mwalimu Nishiyama anaandika ubaoni: a, i, u, e, o.
Darcy Kowalchuk, dereva wa lori, anazitafuna kama kokoto.
Nacheka moyoni. Irabu hizi nilizaliwa nazo,
wamezipanga upya tu,
kama mgeni aliyehamisha viti vya sebule yangu.

Lakini kila lugha ina mitego yake.
Kuni, anasema mwalimu, ni nchi.
Jiko ni ajali.
Saba ni samaki mwenye mistari mgongoni.
Naandika daftarini:
nchi yangu ni kuni,
waliitia jikoni, ikawa ajali.
Nafuta. Silo zoezi la leo.

Keith Hamaguchi anakaa mbele, ana miaka sitini na miwili,
jina la babu, ulimi wa magongo ya barafuni.
Babu aliletwa huku kwa treni wakati wa vita, kulima viazisukari.
Baada ya hapo lugha ikafungiwa kabatini
na vikombe ambavyo hakuna mgeni aliyewahi kunywea.
Keith akishika brashi ya wino, mkono unamtetemeka.
Tunajifanya hatuoni.

Januari tulitwanga wali wa mwaka mpya.
"Nani amewahi kutwanga?"
Mkono wangu ukainuka kabla yangu.
Kumbe mchi wao una mpini ubavuni, kama nyundo!
Pigo la kwanza nusura nimvunje kidole Rosalinda Agbayani
aliyekuwa akigeuza donge kwa kiganja chenye maji.
Halafu pumzi zikapatana,
pigo, kiganja, pigo, kiganja,
na bega langu likakumbuka Kasulu
bila kuniomba ruhusa.

Wiki iliyofuata, shairi:
silabi tano, saba, tano.
Darasa likaguna. Mimi mizani nimehesabu tangu darasa la nne,
Mwalimu Ruhuza akigonga meza kwa rula.
Nikaandika:

Theluji kimya
mchi wangu na wako
kinu kimoja

Mwalimu Nishiyama akahesabu kwa vidole, akakwama kwenye M.
"Herufi hii inasimama peke yake?"
"Peke yake," nikasema. "Kama N yenu."
Akanitazama
kama mtu aliyekutana na binamu kituo cha basi.

Hakuna aliyeniuliza kwa nini nasoma.
Chumba namba kumi na nne, Bi Tomiye Arakawa.
Kiingereza kilimtoka mwaka jana kimoja kimoja, kama meno.
Kila alfajiri alinishika mkono: Mimi. Mimi.
Nami nikamjibu kwa Kiswahili, miezi mitatu:
Ndiyo bibi, ni wewe, nakuona.
Nilidhani ugonjwa umemtembeza hadi mlangoni kwangu.
Nilifurahi, Mungu anisamehe,
maana katika jengo lile lote
hakuna mwingine aliyekuwa akisema neno langu.

Ndipo nikajiandikisha hapa, nimpe na mimi maneno yake mawili matatu.
Somo la sita, viungo vya mwili.
Mwalimu akagusa sikio lake.
Mimi, akasema.
Darasa likaitikia: mimi, mimi, mimi.
Mimi nilinyamaza.

Kilikuwa kwenye droo, kimeviringishwa ndani ya leso,
kile kifaa chake cha kusikilizia.
Betri ilikufa zamani.

Jumapili, kabla hakujapambazuka, nikamvalisha.
Akageuza kichwa kulielekea bomba la joto,
akalisikiliza linavyokoroma, muda mrefu,
akanishika mkono,
akasema neno
ambalo bado hatujalifikia kitabuni.