Mstari wa Arobaini na Moja

Si programu ya kujisifia.
Mistari arobaini, niliandika hapa Newala
usiku umeme uliporudi:
majina yawe kumi na moja,
golikipa mmoja, asirudiwe mtu,
mwenye kadi tatu za njano apumzike.

Kocha Nandonde hutuma kikosi kila Ijumaa,
herufi kubwa tupu.
Mara ya kwanza tu ikamgomea:
*Namba saba ana adhabu.*
Namba saba ni shemeji yake.
Akanipigia. "Ilegeze kidogo, mwanangu."
Nikamwambia haina skrubu.

Akabadilisha. Ikajibu: *Sahihi.*
Nikalala kama mtu aliyelipa deni.

Jumamosi walifika wanane.
Chilumba yuko shambani anaokota korosho,
Mkwanda analinda magunia ya mama yake ghalani,
wa tatu hapokei simu:
mnada ulikuwa jana, hela imeingia.

Tulifungwa tano.
Sikuwa na wa kumlaumu, kikosi kilikuwa sahihi.

Leo nimeongeza mstari mmoja:
kama mwezi ni wa kumi,
usianze na majina.
Iulize kwanza mikorosho.