Mlango wa Kushoto

Chinguile wa maabara alitoka Lindi na beseni jeupe,
chujio la chai alilolifunga kwenye mpini wa ufagio
na mabuti ya mpira yaliyomfika mapajani.
Akaniuliza: Dada, hapa Rutamba ulikuwa ukifulia wapi?
Nikamwonyesha kwa mkono ninaoutumia.

Akakwangua chini ya jani la yungiyungi,
akanitilia kiganjani kitu kama punje ya kunde.
Mshike hivi, ncha juu, mlango ukutazame.
Uko upande gani?
Kushoto.
Mama alinipiga mwiko vidoleni miaka mitano
nile kwa mkono wa kulia kama watu,
na huyu ziwa lilimwacha alivyo.

Hana kifuniko cha kufungia nyumba.
Kiangazi, maji yakirudi nyuma,
hujizika topeni,
mvua ya kwanza humkuta yu hai
akikwangua ukoga kana kwamba jana alikuwepo.

Tukamweka juani ndani ya gilasi.
Saa sita maji yakaingia vumbi,
vumbi linaloogelea.
Hicho ndicho kichocho, akasema.
Nikaiona saa sita nyingine:
mabinti wa darasa la nne, maji kiunoni,
Somoe akitukaririsha saba mara nane,
na wavulana kichakani wakijisifia mkojo mwekundu,
eti sasa sisi madume.

Basi adui ni yeye, nikasema.
Chinguile akafuta miwani kwa pindo la shati.
Hazaliwi nacho. Sisi ndio tunaompa,
tukikojoa majini.
Na akishakipata hatagi tena.
Anakula, anatambaa juu ya jani,
mayai hakuna.

Sikujibu.
Nina miaka arobaini na mmoja.
Nimeitwa Mama Nani na watu wasiongoja jibu.
Nimekunywa mizizi ya Nyangao, ya Mtama,
ya Nachingwea niliifuata kwa lori la korosho.
Likwata akaoa wa pili, akaniachia cherehani.
Katika wote walionishika tumbo
hakuna aliyewahi kuniuliza nilifulia wapi.

Akaandika daftarini: kumi na saba, wanne wagonjwa.
Wiki ijayo wanaleta dawa ya kumwaga ukingoni,
wanatafuta mtu wa kubeba ndoo.
Nimeandikisha jina.
Nitaibeba kwa mkono wangu,
nitaimwaga taratibu,
na pale kwenye lile jani
nitasimama kidogo kwanza.