Sekunde Nne

Mwongozaji amenipa sekunde nne.
Kati ya "mwaka ule" na "mvua haikunyesha"
msimulizi anavuta pumzi, na humo mna
mashamba yote ya chumvi ya Gongoni,
wanawake kumi na mmoja, reki zao, jua.
Chagua, kaniambia. Usimkanyage msimulizi.

Niliandika: Wanawake wanakusanya chumvi.
Nikafuta. Hilo hata redio ingelisema.
Niliandika: Weupe mtupu hadi upeo wa macho.
Nikafuta pia. Macho ya nani?

Jumamosi tulijaribu, darasani, Maweni,
madirisha tumeyaziba kwa magunia.
Kahindi, asiyesikia, kakaa mbele kabisa,
shingo kainyoosha asome maandishi chini ya picha.
Ilipotokea (muziki) aliinua mkono,
vidole vikaenda mbio, mwanawe akatutafsiria:
"Muziki gani? Wa harusi au wa matanga?
Mnanipa sahani iliyofunikwa
mnaniambia: chakula."

Na Kadzo Mwaringa, hedifoni masikioni,
aliyefanya kazi kule miaka kumi na tisa
kabla mwanga wa chumvi haujamla macho,
hakuniacha nimalize mstari.
Anainama —
"Kwa mgongo au kwa magoti?
Mgeni ndiye huinama kwa mgongo."
Maji yana rangi ya waridi —
"Basi yamekomaa. Sema yamekomaa."
Nikakata, nikaandika, nikahesabu kwa vidole.

Dakika ya ishirini na mbili nikasoma:
Wa tatu anachechemea. Anafungua leso kichwani,
anaifunga upya, mara mbili.

"Mara mbili?"
Mara mbili.
"Ya pili kaivuta kwa meno?"

Nikarudisha picha nyuma.
Nilikwisha kuitazama labda mara mia
na meno sikuyaona.
Kwa meno, nikasema.

"Huyo ni Sidi."
Akanyamaza zaidi ya sekunde nne,
filamu ikaenda zake bila yeye.
Kisha: "Mnamwonyesha marehemu watu wote
na hamumtaji?"
Mtoto wa Kahindi alikuwa anatafsiri;
mikono yake ikasimama hewani.

Usiku ule niliondoa jua. Niliondoa reki,
na wale kumi, Mungu anisamehe.
Nikipiga mbio, maneno saba yanaingia:
Sidi anafunga leso kwa meno. Maji yamekomaa.
Msimulizi anavuta pumzi, nami namuwahi.

Ile (muziki) bado inanishinda.
Aliyeutunga hapokei simu,
na Kahindi huuliza kila Jumamosi.