Andika Mbili

Februari, Saskatchewan. Kipimajoto cha dirishani
kimeporomoka hadi hasi thelathini,
nami nimetandaza katalogi mezani
kama mchuuzi asiyejua bei ya mali yake.

Mtaala wa kwanza huja kwa makasha,
kasha kwa kila umri, na ratiba iliyopimwa kwa dakika:
saa mbili na robo sarufi, saa tatu kasorobo sayari.
Nimepiga hesabu mgongoni mwa bili ya umeme.
Watoto watatu, masomo saba, mwalimu mmoja,
na mwalimu ndiye mpishi, ndiye mkamuaji,
ndiye wa kutia kuni jikoni.
Siku yenyewe ingehitaji saa thelathini na moja.
Na hapo sijanywa chai.

Wa pili wanasihi: wakusanye wote,
historia moja, hadithi moja,
kila mmoja achote kwa kijiko chake.
Maneno ya asali. Ila Taras ana miaka kumi na mitatu,
sauti yake imeanza kukwaruza,
na mwaka jana tulipojenga piramidi kwa vipande vya sukari
alimwachia mdogo wake gundi, akaenda kufungua injini ya trekta.
Piramidi ililiwa. Injini ilirudi kuwaka.

Wa tatu umo ndani ya kompyuta.
Upepo ukivuma kutoka magharibi mtandao hukatika,
na mwalimu wa kwenye kioo huganda, mdomo wazi,
akiwa amefika kwenye neno "kwa hiyo."
Mpaka leo hatujui kwa hiyo nini.

Halyna, tisa, kitabu cha darasa lake alikimaliza
kabla theluji ya kwanza haijadondoka.
Sasa anasoma mfuko wa unga, chupa za dawa ya mifugo, barua zisizo zake.
Lakini mwulize saba mara nane:
atakutazama kama uliyemtukania ukoo.
Kasha la miaka tisa limfae nani?
Nusu yake ina kumi na miwili,
nusu ya pili bado iko saba.

Na Danylo, sita, ambaye herufi S kwake hutazama nyuma
kama mtu aliyesahau kitu nyumbani.
Juzi nilimuuliza kaka yake: hasi kumi, hasi thelathini, ipi kubwa?
Taras akakuna kichwa.
Jibu likatoka chini ya meza, huko aliko paka:
"Hasi kumi. Hasi kumi tunaruhusiwa kucheza nje."
Somo hilo lilikuwa la nani? Limo kasha gani?

Myron kaingia, ndevu zimeshika barafu.
"Bado hujachagua?"
Nikamwambia, ng'ombe wako wa rika zote wanakula zizi moja.
"Ndiyo," akasema, akivua buti, "na ndiyo maana wanapigana."

Mwisho wa kuagiza ni Ijumaa. Nikachukua penseli.
Hesabu: vitabu vitatu, kila mtu na chake.
Historia: kimoja.
Sayansi nikaipiga mstari; Machi tuna ndama watakaozaliwa.
Idadi ya wanafunzi: nikaandika tatu.

"Andika mbili, Mama."

Taras, mgongo kwangu, anasugua sufuria.
Hakununa, hakupaza sauti;
alisema kama anayetaja kiwango cha oili.
Basi la njano hupita njia panda saa moja na dakika kumi.
Kwa kina Kowalchuk husimama dakika mbili.
Amekuwa akilihesabia tangu Novemba.

Nilikuwa na sentensi tayari, ndefu, ya mama.
Ilikatika kwenye "kwa hiyo."

Nikafuta tatu mpaka karatasi ikawa nyembamba.
"Tatu toa moja," Danylo akasema, bila kuulizwa,
akaninyang'anya penseli, ulimi nje,
akaandika mbili yake: imegeuka, inatazama nyuma.

Sikuisahihisha.
Fomu ikaenda posta hivyo hivyo.