Jaruba la Saba

Mvua ya Januari haikuwa na adabu.
Haikubisha hodi, haikutanguliza wingu.
Ilishuka saa nane za usiku
juu ya majaruba ya Nunge,
juu ya chumvi yangu ya siku thelathini na moja
ambayo kesho yake ningeikwangua.

Alfajiri nilifika na reki na toroli la kuazima,
nikakuta maji.
Majaruba saba, yote yananikodolea
jicho jeupe la mzee mwenye mtoto wa jicho.
Nikachovya kidole, nikalamba.
Ilikuwa humo. Ulimi uliijua,
ila mikono haikuwa na cha kushika.

Mangungu, mnunuzi, alikuja saa tatu kwa pikipiki.
Hakushuka. Alifungua daftari, akalifunga.
"Sabina, fedha ya watu haiyeyuki."
Nikamwambia, najua.
Vumbi lake halijatua nikaanza kuhesabu:
viroba arobaini,
mchango wa bweni wa Klara,
dirisha la uani lililozibwa kwa khanga,
dawa ya kifua cha mama.
Nikahesabu mara ya pili, kana kwamba
hesabu ingeona haya ikabadilika.

Mungu, siku ile sikukuomba.
Nisiseme uongo mbele yako: nilikununia,
kama mke anayepakua chakula bila salamu.
Jumapili nilikaa benchi la mwisho;
walipoimba wema wako
nilichezesha midomo tu.

Tatu Mwinyikondo wa majaruba ya jirani
naye alipoteza yote, na deni lake
ni mara mbili ya langu.
Jumatatu nilimkuta ndani ya mfereji,
gauni kalikunja magotini,
anakandika tuta kwa viganja
kama anayekanda unga wa maandazi.
Nikamuuliza, "Unamtengenezea nani?"
Hakunihubiria.
"Alhamisi ni bamvua," alisema.
"Mvua imetwaa, bamvua italeta.
Maji yakija yakute mlango wazi."
Kisha akaniomba nimsogezee ndoo.

Usiku ule mkeka ulikuwa na miba.
Nikajiuliza: chumvi yangu imekwenda wapi?
Haikuibwa. Haikuungua.
Imerudi ilikotoka,
na ilikotoka hakujahama.
Tangu bibi yangu hajazaliwa
bahari haijachelewa kujaa hata siku moja,
haijasema leo nina mgeni, leo kichwa kinauma.
Na aliyeipa bahari saa zake,
ndiye atakayeisahau saa yangu?

Sikusema amina. Nilisema, tutaona.
Nadhani ulilipokea hilo,
wewe uliyezoea kupokewa kwa nusu
na kutoa kizima.

Jumanne nikazibua mfereji wangu.
Jumatano tope lilinila nyayo,
chumvi ya zamani ikaingia kwenye nyufa za visigino,
nikalia, si kwa huzuni, kwa kuwashwa;
kisha na huzuni nayo ikapata upenyo.
Alhamisi maji yakaja.
Yaliingia kimyakimya, na povu kidogo,
na kisamaki kimoja kilichopotea njia.
Tatu akakitoa kwa kikombe, akakirudisha.

Leo ni siku ya kumi na tisa.
Dirisha bado ni khanga.
Klara yuko nyumbani, ananakili madaftari ya mwenzake
kwa mwandiko mdogo, asimalize kurasa.
Mangungu amepiga simu mara nne.
Mama anakohoa, akinyamaza ninaamka kusikiliza.

Lakini adhuhuri hii, pembeni mwa jaruba la saba,
nimeona ngozi nyembamba juu ya maji,
nyembamba kama ukoko wa uji uliosahauliwa,
na jua limeikanyaga bila kuivunja.
Nimeinama. Sikuigusa.
Nimesema, "Nakuona,"
na sijui nilikuwa naiambia chumvi
au nakuambia wewe.

Upande wa Mbegani kuna wingu.
Nimeliona.
Nimeliona, na reki iko mkononi.